Meza ya Kompyuta

Meza ndiyo iliyotangulia. Kaka yangu alikuja na seremala kwenye duka letu la kushona asubuhi ya Jumatatu, akamchorea kila kitu kwenye karatasi: skrini itakaa hapa, kibodi hapa, mashine yenyewe chini, na upande wa kulia droo kubwa ya kuwekea printa. Mbao nzuri, vanishi mara mbili. Ikawekwa dirishani, mahali ilipokuwa meza ya kukatia ya mama, maana kaka alisema kompyuta inataka hewa. Meza ya mama ikasukumwa kona ya ndani, chini ya taa inayokonyezakonyeza. Meza ya kompyuta ikakaa pale dirishani miaka mitano, bila kompyuta.

Niseme mapema, nisije nikaonekana nazunguka: hadithi hii inanitia hasira, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe. Nitafika huko.

Mama yangu ni fundi cherehani. Mafundi cherehani wamejaa tele, kila kibaraza kina wake, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Lakini mtaa mzima ukisema "Fundi" tu, bila kuongeza neno, unamaanisha mama. Yeye alishonea miili ambayo sisi wengine tunaikimbia kwa visingizio. Mwenye kibiongo. Mwenye bega moja juu na jingine chini. Mwanamke aliyeondolewa titi hospitali na hataki mtu ajue. Kijana aliyeungua moto shingo ikavutwa upande. Walikuja kwa kuelekezana, wengine wakilala njiani, wakakaa kwenye benchi letu wakiwa wameinamisha nyuso kama watu walioitwa na mwalimu mkuu.

Mama hakuanza na futi. Alianza na kiganja. Alimsimamisha mtu nyuma ya pazia, akafumba macho, akampapasa mgongo na mabega polepole, huku akimpigia soga za bei ya uzi. Kisha ndipo alipopima, na akachora kwenye karatasi ya kaki, akakata. Karatasi ile haikuwa vipimo tu. Ilikuwa ni ujanja wote: mahali pa kulegeza, mahali pa kukaza, mstari wa mgongo unaoanzia kusikotarajiwa ili jicho la mtazamaji lipotee njia. Mtu alivaa gauni lake, akajitazama kwenye kioo, akageuka, akajitazama tena. Nimeona wanaume wazima wakifuta macho kwa mkono wa koti jipya.

Karatasi hizo zilitundikwa ukutani kwa misumari, zaidi ya mia tatu, kila moja na alama ya penseli aliyoijua mwenyewe. Mimi mwili ulionyooka naumudu. Sare za shule, sketi, mashati ya ofisini, nipe tu. Ile mingine sikuijua, na mama alikuwa anazeeka.

Kwa hiyo wazo la kompyuta lilikuwa langu. Siku moja karatasi ya mwenye kibiongo mmoja ilichanika mikononi mwangu kwa uchakavu, nikaona wazi kwamba mama akituondokea, watu hawa wote watabaki uchi. Nikamwambia kaka: tununue kompyuta na mashine ya kunakili picha, tuziingize karatasi zote, na kila moja mama aielezee, niandike. Kaka alifurahi mno. Alinishika bega, akasema nimefikiria jambo la maana.

Na kaka ndiye aliyekuwa mtaalamu. Kazi yake, naomba hili likumbukwe, ni kuuza kompyuta. Kutwa nzima anasimama kwenye duka la mjini lenye vioo, na shati la mikono mirefu, akiwaambia watu wazima kwamba hii ndiyo yenyewe, chukua hii, hutajuta. Wateja wanaondoka na maboksi. Ila kwa mama yake alisema tusubiri.

Mwaka wa kwanza tulisubiri kwa sababu skrini nene zilikuwa zinakwisha na nyembamba zinakuja. Mwaka wa pili nyembamba zilikuwa zimekuja, lakini ndani yake kulikuwa na sahani inayozunguka, na zilikuwa njiani mashine zisizo na sahani, zinazowaka kabla hujatoa kidole. Tununue kitu kitakachopitwa na wakati mwezi wa tatu? Nilimuuliza mbona wateja wake anawauzia hizohizo. Akaniangalia kana kwamba nimemtukania mzazi.

"Wale ni wateja," akasema. "Huyu ni mama. Mama hapewi kitu cha kubahatisha."

Na hapo ndipo ninaposhindwa kumchukia sawasawa. Alimaanisha.

Mama alimsikiliza mwanawe kwa mdomo wazi, uso umemchanua. Alishona hata kifuniko cha kompyuta. Kaka alimtajia urefu na upana, mama akashona kwa kitambaa cha bluu, pindo la kutarizi, akakitandika juu ya meza tupu. Mwaka uliofuata kaka akasema mashine zimepungua ukubwa, mama akashona kingine. Vifuniko vitatu alishona kwa kitu ambacho hakijazaliwa. Na meza yenyewe ikawa haiguswi. Mteja akiweka kikombe chake cha chai pale, mama alimwondolea kwa heshima, akasema hapo panasubiri kompyuta.

Mimi sikukaa kitako. Karani wa ofisi moja ya jirani aliniambia wanahama na wanauza vyombo, ikiwemo kompyuta yao na printa inayonakili. Nzee kidogo lakini nzima. Nilitoa akiba yangu, nikaipakia kwenye mkokoteni, nikaisindikiza kwa miguu mpaka dukani, nikaiweka juu ya meza. Ikawaka. Mama akaja akaigusa skrini kwa kidole kimoja, akasema ina joto kama mtoto.

Kaka alipita wakati wa chakula cha mchana. Alipoiona alicheka mpaka akashika kiuno. Akauliza kama nimeinunua kwa uzito, kwenye chuma chakavu. Mama, kwa kuwa mwanawe anacheka, naye akacheka. Basi nikasimama pale na waya mkononi, ninachekwa na watu wawili ninaowapenda kuliko wote. Kaka akaeleza, kwa upole sasa, kwamba zinakuja mashine za kuchora juu ya kioo chenyewe kwa kalamu. Mama atachora mstari kwa mkono wake na mashine itaushika vilevile ulivyo. Ni mwaka mmoja tu. Mama akasema, "Mwanangu, kaka yako amelisomea hili." Nikairudisha kwa mkokoteni uleule, karani akamuuzia mwingine. Ipo mpaka leo kwenye kibanda cha kuchapa barua mtaa wa nyuma. Inafanya kazi. Nikipita nageuza uso.

Mwaka wa nne kaka akasema safari hii kweli, na tuandae chumba. Kompyuta haitaki vumbi, na ukuta wetu ulikuwa wa kubanduka. Akamleta fundi wa rangi. Karatasi zote zikashushwa, misumari ikang'olewa, matundu yakazibwa. Mama mwenyewe alizikunja karatasi moja moja, akazipanga kwenye viroba vitatu, vikawekwa stoo ya nyuma kwa wiki mbili tu, mpaka rangi ikauke na mashine ifike. Ukuta ukatoka mweupe, unang'aa. Mteja wa zamani aliingia siku hiyo, akatoka, akidhani amekosea duka.

Rangi ilikauka. Mashine haikufika, kwa sababu kulikuwa na nyingine nyuma yake, yenye kamera. Mtu atasimama mbele yake na kamera itampima yenyewe. Mama akauliza kama kamera itampapasa. Kaka akacheka.

Sasa nifike kwangu.

Jioni moja baada ya kufunga, mama alitoa kwenye mkoba wake daftari la hesabu, lile lenye vyumbavyumba, jipya, alilolinunua mwenyewe. Akaliweka mbele yangu na penseli iliyochongwa tayari. Akasema tukikaa nusu saa tu kila jioni, yeye akinieleza karatasi moja na mimi nikiichora kwa udogo na kuandika maneno yake, kwa mwaka tutakuwa tumemaliza. Alisema kwa kusitasita, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka mapema.

Nilikuwa nimechoka. Mgongo uliniuma, na nilikuwa na mashati kumi na mawili ya kumalizia vifungo. Lakini si kwa sababu hiyo. Ni kwamba na mimi nilikuwa nimeshaingiwa. Miaka minne ya kusikia habari ya mashine itakayokuja ilinifanya daftari nilione kitu cha aibu.

"Mama, tuandike mara mbili ya nini?" nikamwambia. "Kompyuta ikija tutaingiza moja kwa moja."

Akasema ni kweli. Akalichukua daftari, akavuta droo ya meza ya kompyuta, ile ya printa, akaliweka humo na penseli yake. Hakulitaja tena.

Kwa hiyo ninapomsema kaka, na namsema kila nikipata nafasi, najua kwamba yeye alisema tusubiri kompyuta. Kuusubirisha mdomo wa mama niliusubirisha mimi.

Mvua za mwaka wa tano zilipita juu ya paa la stoo na kuingia. Tuligundua kwa harufu. Nilipofungua kiroba cha kwanza, mkono ulizama kwenye kitu laini kama uji. Cha pili vivyo hivyo. Kwenye cha tatu zilisalia karatasi tano au sita za pembeni, penseli imefutika. Niliketi chini palepale kwenye maji. Mama alikuja mlangoni. Kisha akainama, akaokota kipande, akakikamua kidogo, akakirudisha.

"Usimwambie kaka yako," akasema. "Ataumia."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka niende mpaka dukani kwake kwenye vioo, nimmwagie kile kiroba juu ya shati lake mbele ya wateja. Mama akanionyesha viganja vyake viwili, akasema zote zimo humu, hakuna kilichopotea. Nami nikaamini. Ulikuwa mwezi wa sare za shule, wazazi wamepanga foleni mpaka nje, nikamwambia tukimaliza sare tutalitoa lile daftari. Sare zilibaki wiki mbili kuisha mama alipoanguka.

Kilikuwa kiharusi. Kilimchukua mkono wa kulia, mkono wa mkasi, na kikamchukua maneno. Alibakiwa na neno moja, "siyo", na hata hilo alilitoa kwa jasho. Mwili wake ukalalia kulia, bega likashuka, mgongo ukajikunja upande kutafuta mizani. Nilipomwogesha mara ya kwanza baada ya kutoka hospitali, nilimpapasa mgongo kwa sabuni na nikautambua. Mwili huu niliuona ukisimama nyuma ya lile pazia mara ishirini au thelathini. Mama alikuwa amegeuka kuwa mteja wake.

Mahafali ya mjukuu wake wa kwanza, binti wa kaka, yalikuwa baada ya miezi miwili. Kwenye sanduku la mama kulikuwa na kitambaa cha zambarau alichokinunua kwa siku hiyo kabla hajaumwa. Alikuwa akinielekezea sanduku kwa mkono wa kushoto, ananiangalia, anaangalia sanduku. Sikuhitaji maneno kuelewa. Alitaka gauni, na alitaka limkae kama yale aliyowashonea wenzake maisha yake yote.

Nikavuta droo. Daftari lilikuwa pale, na penseli yake ina ncha bado.

Kila alasiri nilifunga duka mapema, nikamketisha kwenye kiti cha mikono mbele ya meza ya kompyuta, palipo na mwanga. Ilikuwa mara ya kwanza meza ile kufanya kazi. Nilimpapasa kama alivyokuwa akipapasa yeye, nikafumba macho, nikajisikia mwongo. Nikachora mgongo. Akautazama, akasema siyo. Nikaupiga mkato, nikachora mwingine, mstari nimeusogeza kulia. Siyo. Nikaushusha kwapani. Siyo. Nilimpa chaki mkono wa kushoto achore mwenyewe. Ikatembea kidogo juu ya vanishi, ikamtoka, ikavunjika sakafuni. Akaitazama ile chaki kwa hasira ambayo sijapata kuiona usoni mwake.

Siku thelathini na kitu tulikaa hivyo. Alijua. Hilo ndilo lililokuwa likinila. Mstari ulikuwa umo ndani mzima mzima, aliuona, na mimi nilikuwa nje nikigonga kila mahali pasipo na mlango. Ukilifungua daftari lile leo, ni kurasa themanini za migongo, na juu ya kila mgongo nimeweka mkato. Wengine wameandika vitabu vya namna ya kukata. Mimi ninacho cha namna ya kutokata.

Ukurasa wa mwisho niliuchora Alhamisi, mahafali Jumamosi. Nilikuwa nimeshaanza kulia bila kujificha. Mama aliutazama ule mstari. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kuliko alivyoutazama mstari. Akatikisa kichwa kukubali.

Mstari haukuwa wenyewe. Nilijua, naye alijua. Alikuwa amenihurumia. Miaka arobaini mtu huyu hakuwahi kuacha mshono mbaya utoke mlangoni. Alifumua usiku kucha kazi za wanafunzi wake kwa kosa la upana wa uzi. Na wa kwanza aliouachia upite ulikuwa wa mgongoni mwake, ili mwanawe aache kulia. Nikakata kitambaa.

Jumamosi gauni lilimvuta. Bega la gauni upande wa kulia lilipanda likafanya mfuko, na mgongoni kukawa na mkunjo mmoja mnene wa mshazari, kama kidole kinachowaonyesha watu pa kutazama. Nilimfunika mtandio. Ulipoteleza wakati wa kupiga picha, mjukuu alimrudishia kwa haraka, na nikaona kwamba mama ameona haraka ile. Mpiga picha akamwomba bibi akae wima kidogo. Bibi akajaribu.

Baada ya sherehe kaka alisema tusiende nyumbani kwanza, tupite dukani kwa mama, ana jambo lake. Alikuwa na furaha ya mtu anayeficha kitu mgongoni. Akafungua mlango, akawasha taa.

Ilikuwa juu ya meza. Nyembamba, nyeusi, skrini pana, ndogo sana kwa ile meza kubwa ya seremala. Ya kuchora kwa kalamu juu ya kioo. Ina kamera. Haina sahani. Alikuwa amejinyima, nilikuja kujua, tangu mama alazwe. Akakitwaa kifuniko cha tatu cha mama, akakivika juu yake, kikamwagika pande zote mpaka chini ya meza. Akacheka, akasema mama itabidi ashone cha nne. Kisha akakumbuka. Machozi yakamlenga, akajitia kurekebisha waya.

"Haya," akaniambia akiwa amenipa mgongo, "zilete zile karatasi. Tuanze leo leo, na mama akiona."

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mikono, chini ya taa, bega la gauni limepanda, mtandio umeanguka. Nilikuwa na maneno ya miaka mitano mdomoni, yamepangwa vizuri, makali, na yote ya kweli. Nikamtazama mama nipate ruhusa. Alikuwa amenikazia macho na anatoa jasho kwenye paji la uso, analivuta lile neno lake kutoka mbali.

"Siyo," akasema.

Kaka akageuka, akamuuliza mama anataka nini, maji? Mama hakumwangalia. Aliniangalia mimi mpaka nikainamisha kichwa.

"Subiri kidogo, kaka," nikasema. "Bado nazipanga."

Akasema hakuna haraka. Na kweli hana haraka, hilo amelizoea tangu zamani. Kila mwezi anapita, anaifuta mashine vumbi, anauliza nimefikia wapi. Nami namwambia bado kidogo. Mama anaketi pale dirishani na gauni lake la zambarau, hataki kulivua hata siku zisizo za kutoka, na mimi nimekaa nyuma yake kwenye cherehani, nikishona sare, nikiutazama ule mkunjo.